Nyaya za bahari zatua Mombasa, simu za ofisini zangali zakatika

KISIWA cha Mombasa kina bahati ambayo miji mingi barani Afrika huililia. Tangu mwaka 2009 nyaya za faiba zinazotandazwa chini ya bahari zimekuwa zikitua katika ufuo wake moja baada ya nyingine, na data inayotumiwa Nairobi, Kampala, Kigali na kwingineko bara hupitia hapa kabla ya kupanda milima. Hata hivyo, mfanyabiashara aliyekodi ofisi Moi Avenue, Nkrumah Road au ndani ya vichochoro vya Mji wa Kale angali analalamikia jambo lile lile: ifikapo saa nne asubuhi, anapozungumza na mteja kwa simu ya intaneti, sauti hukatika, maneno hurudi kama mwangwi, na hatimaye pande zote mbili huishia kuulizana, "Wanisikia?"

Jibu ambalo wengi hupewa wanapolalamika ni kwamba wanunue kifurushi kikubwa zaidi. Wanunuapo, hali huwa afadhali kwa wiki mbili tatu, kisha hurejea ilivyokuwa. Ukweli ni kwamba simu ya sauti ni mlaji mdogo mno wa intaneti. Ofisi nyingi za kisiwani zina nafasi ya kutosha kwa simu zote zinazohitaji. Kinachokosekana ni hesabu ya simu ngapi hupigwa kwa wakati mmoja, uamuzi wa nani apite kwanza mlangoni, na maandalizi ya siku ambayo njia kuu itakatika.

Suala hili si la wapenzi wa mitambo pekee. Biashara ya Mombasa ni bandari, na bandari huendeshwa kwa mazungumzo. Wakala wa kuondoa mizigo huzungumza na mwenye mali, na kampuni ya meli, na dereva wa lori, na afisa wa forodha, mara nyingi kuhusu kontena moja na asubuhi moja. Kontena lina siku chache za kukaa bandarini bila malipo, na zikipita ada huanza kuhesabiwa kila kukicha. Simu iliyokatika wakati mteja anasoma nambari ya hati yaweza kumaanisha siku nzima iliyopotea. Kwa kampuni ndogo, siku kama hizo tatu kwa mwezi zatosha kumfukuza mteja.

Ili kufahamu mkanganyiko ulipoanzia, ni vyema kukumbuka hali ilivyokuwa kabla ya nyaya. Hadi katikati ya mwaka 2004, kampuni ya Telkom Kenya ilikuwa na ukiritimba wa simu za kimataifa pamoja na njia kuu ya intaneti iliyoitwa Jambonet. Kampuni zote za kuuza huduma za intaneti zilipaswa kupitia hapo. Mawasiliano na dunia yalitegemea satelaiti iliyo umbali wa takriban kilomita 36,000 juu ya ikweta. Sauti ikipanda hadi huko na kushuka, hutumia robo ya sekunde, na jibu likirudi hutumia robo nyingine. Nusu sekunde yaonekana ndogo kwenye karatasi, lakini katika mazungumzo humfanya mtu adhani mwenzake amenyamaza, naye aanze kusema upya wakati jibu liko njiani.

Ajabu zaidi ni kwamba hata barua pepe kutoka ofisi moja ya Mombasa hadi ofisi jirani iliyohudumiwa na kampuni tofauti ilisafiri hadi ng'ambo na kurudi. Kituo cha kubadilishana data nchini, KIXP, kilianzishwa Novemba 2000 ili kuondoa upuuzi huo. Mwezi uliofuata, Tume ya Mawasiliano iliamuru kifungwe kufuatia malalamishi ya Telkom kwamba kilikiuka haki yake ya kipekee. Kilifunguliwa tena Februari 2002. Katika mazingira hayo, ofisi iliyothubutu kupiga simu kupitia intaneti ilifanya hivyo kwa kujificha, kwa ubora duni, na kwa sababu moja tu: bei ya simu ya kawaida kwenda Dubai au London ilikuwa haishikiki.

Mwaka 2009 mambo yaligeuka. Mnamo Juni 12 mwaka huo, Rais Mwai Kibaki aliongoza sherehe mjini Mombasa ya kupokea waya wa TEAMS, mradi ambao serikali ya Kenya ilishirikiana na kampuni ya Etisalat na makampuni ya mawasiliano ya humu nchini kuujenga kutoka Fujairah katika Milki za Kiarabu. Julai 23, waya wa SEACOM ulianza kazi. EASSy ulifuata mwaka 2010 na LION2 mwaka 2012. Miaka ya karibuni DARE1 kutoka Djibouti na PEACE zimeongezwa. Umbali kutoka Mombasa hadi Fujairah kwa waya ni takriban kilomita 5,000, na mwanga ndani ya kioo huupita kwa muda usiozidi sehemu tatu za mia za sekunde. Sikio la binadamu haliwezi kutambua kuchelewa huko.

Basi ofisi zikaacha simu za nyaya za shaba, ambazo hata hivyo zilikuwa zikiibwa kila kukicha, na kuhamia intaneti. Ila hazikuhamia na hesabu.

Chuo cha hesabu hiyo kilifunguliwa zamani sana. Mwaka 1909, Agner Krarup Erlang, mwanahisabati wa kampuni ya simu ya Copenhagen nchini Denmark, alichapisha uchunguzi kuhusu namna simu zinavyoingia kwa bahati nasibu, na mwaka 1917 akatoa kanuni ambayo wahandisi wanaitumia hadi leo. Swali lake lilikuwa rahisi: ikiwa watu wanapiga simu bila kupangana, laini ngapi zitatosha ili wachache tu wakute zimejaa? Kipimo cha mzigo wa simu kikapewa jina lake. Erlang moja ni laini moja inayotumika saa nzima bila kupumzika.

Chukua mfano wa kampuni ya kuondoa mizigo yenye wafanyakazi 30. Katika saa yenye shughuli nyingi zaidi, tuseme kati ya saa nne na saa tano asubuhi, kila mmoja hutumia simu kwa dakika sita. Jumla ni dakika 180, sawa na Erlang tatu. Mwenye haraka atasema laini tatu zatosha, kwa kuwa kwa wastani simu tatu ndizo huwa hewani. Hapo ndipo wengi hupotea. Kwa kanuni ya Erlang, ofisi yenye laini tatu na mzigo huo itakosesha zaidi ya simu moja kati ya kila tatu, kwa sababu watu hawapigi simu kwa wastani. Hupiga kwa pamoja, meli inapotia nanga au mfumo wa forodha unapokwama. Laini tano zitakosesha simu moja kati ya tisa hivi. Ni laini nane ndizo zinazoshusha idadi hiyo chini ya moja kwa mia.

Sasa simu nane zinakula kiasi gani cha intaneti? Sauti inapoingia katika mtambo hukatwakatwa vipande vya sehemu 20 za elfu za sekunde, kila kipande kikatiwa katika pakiti yake, hivyo pakiti 50 kila sekunde kwa kila upande. Mtindo wa zamani wa kunakili sauti, unaojulikana kwa jina G.711, hutumia kilobiti 64 kwa sekunde kwa sauti yenyewe. Lakini kila pakiti lazima ivalishwe bahasha yenye anwani, na bahasha hiyo huongeza uzito hadi kilobiti 87 hivi katika waya wa ofisini. Mtindo wa kubana, G.729, hupunguza sauti hadi kilobiti nane tu, lakini bahasha haibanwi, kwa hiyo jumla ni takriban kilobiti 31. Barua nyepesi kuliko bahasha yake! Hii ndiyo sababu anayepanga kwa kusoma tu nambari ya kwanza katika tangazo la muuzaji wa simu hujikuta amepunguza mahitaji yake mara tatu au nne.

Simu nane kwa mtindo wa kwanza ni kilobiti 700 kwa sekunde kila upande, na kwa mtindo wa pili ni 250. Hata megabiti moja haijafika. Ofisi ambayo inalipia megabiti 20 na bado haisikiki haina njaa ya intaneti, ina ugonjwa mwingine.

Ugonjwa wenyewe una sehemu mbili. Ya kwanza ni kwamba nambari inayotangazwa katika vifurushi vingi vya bei nafuu ni ya kupakua, yaani data inayoingia ofisini. Inayotoka huweza kuwa sehemu ndogo tu ya hiyo, na kwa kawaida huandikwa kwa herufi ndogo au haiandikwi kabisa. Anayetazama filamu nyumbani hatajali. Lakini simu ina pande mbili zilizo sawa. Ndiyo maana malalamishi mengi huwa ya namna moja: "Mimi namsikia vizuri, yeye hanisikii."

Ya pili ni foleni. Wakala wa forodha hupakia hati zilizopigwa picha kwa mashine: ankara, hati ya shehena, cheti cha asili ya bidhaa. Tangu Mamlaka ya Ushuru ilipoanzisha mfumo wa Simba mwaka 2005, na hasa baada ya mfumo wa pamoja wa TradeNet kuanza katika muongo uliofuata, kazi ambayo zamani ilifanywa kwa kukimbia na faili chini ya kwapa hufanywa kwa kompyuta. Faili ya megabaiti 10 ikipakiwa katika njia ya kutokea yenye megabiti mbili kwa sekunde, huishika njia hiyo kwa sekunde 40. Katika muda huo ruta ya ofisi, ikiwa haijaelekezwa vinginevyo, huzipanga pakiti za sauti nyuma ya pakiti za picha, kila moja ingoje zamu yake. Pakiti moja kubwa ya data katika njia ya kilobiti 512 hutumia sehemu 23 za elfu za sekunde kupita. Zikijipanga mia mbele ya sauti, sauti itangoja zaidi ya sekunde mbili, yaani mara nne ya ile safari ya satelaiti ya kwenda na kurudi ambayo kila mtu alifurahia kuagana nayo.

Shirika la kimataifa la mawasiliano, ITU, lilikwisha kupendekeza kwamba sauti ifike upande wa pili kabla ya sehemu 150 za elfu za sekunde ili mazungumzo yawe ya kawaida, na kwamba ikizidi 400 hali haikubaliki katika kupanga mitandao. Waya wa baharini hadi Ghuba unatumia chini ya 30 katika hizo. Ina maana kwamba kilomita 5,000 za bahari hula sehemu ndogo ya muda, na mita 50 za ofisi hula uliobaki.

Tiba ya foleni inajulikana na aghalabu haina gharama ya ziada, kwani ruta nyingi za ofisi zina uwezo huo tayari. Pakiti za sauti hutiwa alama, na ruta ikaagizwa izipitishe kwanza kila zinapofika, picha na barua pepe zikingoja kidogo. Mwenye kutuma faili hatatambua kwamba imechelewa kwa sekunde mbili. Wahandisi wengi hushauri kwamba sauti isitengewe zaidi ya theluthi moja ya njia, hivyo kampuni ya mfano wetu yahitaji takriban megabiti mbili za kutokea zilizo na uhakika. Neno muhimu hapo ni uhakika. Kifurushi cha nyumbani hushirikisha wateja wengi katika bomba moja, na saa nne asubuhi ni saa ya kila mtu.

Lakini kuna jambo jingine ambalo halizungumzwi sana, nalo ndilo huwatatiza hata waliokwisha kurekebisha ruta zao. Swichibodi ya zamani ilikuwa na laini zake, na zilipojaa, mpigaji wa tisa alisikia mlio wa kumwambia angoje. Ilikuwa kama matatu baada ya sheria za Waziri John Michuki kuanza kutekelezwa mwaka 2004: viti vikijaa, gari limejaa. Simu ya intaneti haina utingo mwenye aibu. Mpigaji wa tisa hupokelewa, na wa kumi, na wa kumi na moja, kila mmoja akichukua pakiti chache kutoka kwa wengine, hadi wote wawe wanaongea na hakuna anayesikika. Anayetaka kuepuka hali hiyo hana budi kuweka kikomo cha simu katika swichibodi yenyewe. Wamiliki wa biashara husita kufanya hivyo, wakiona kwamba wanajinyima kitu walichokilipia. Kumwambia mteja mmoja ajaribu tena baada ya dakika mbili ni hasara ndogo kuliko kuwaudhi wanane waliokwisha kushika simu.

Ndani ya Mji wa Kale, hesabu hizi hukutana na mawe. Eneo hilo lilitangazwa rasmi kuwa la kuhifadhiwa mwaka 1990, na ofisi ya uhifadhi chini ya Makavazi ya Kitaifa husimamia mabadiliko ya majengo. Nyumba za Ndia Kuu na Kibokoni zilijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, dari zikashikiliwa na boriti za mikoko, na kuta zake ni nene kiasi cha kuzuia joto la Januari. Ukuta unaozuia joto huzuia pia mawimbi ya intaneti isiyo na waya. Mtambo mmoja uliowekwa sebuleni kwenye orofa ya chini, ambao katika jengo la saruji na mbao ungehudumia ofisi nzima, hapa hauvuki vyumba viwili. Pakiti zinazopotea ukutani hutumwa tena, na simu haina subira ya kungoja zitumwe tena.

Vichochoro navyo ni vyembamba mno kwa mitambo ya kuchimba mitaro. Kutoboa ukuta wa karne iliyopita au kutundika masanduku ya plastiki juu ya roshani iliyochongwa si jambo la kufanywa kiholela, wala halipaswi kuwa. Kwa hiyo huduma nyingi hufika kwa waya uliopitishwa juu kwa juu kutoka paa hadi paa, au kwa antena. Hewa ya chumvi kutoka bahari hula viungo vya chuma, na mvua ya masika humalizia kazi. Fundi akija hubadilisha kiungo, akaenda zake, na baada ya miezi kadhaa akaitwa tena.

Wapo wanaolaumu uhifadhi kwa haya yote. Lawama hiyo haina uzito. Waya mwembamba wa mtandao hupita katika mfereji ule ule uliokwisha kubeba waya wa umeme, na ofisi ambayo simu zake za mezani zimeunganishwa kwa waya hadi kwenye ruta haina haja ya kupambana na ukuta. Kinachohitajika ni kaunti, makavazi na kampuni za huduma kukubaliana juu ya mapito machache ya pamoja chini ya vichochoro, yachimbwe mara moja na yatumiwe na wote, badala ya kila kampuni kujia na mwamba wake na kuondoka ikiacha jeraha lake.

Hata ofisi iliyopanga vyema ndani haijakingika na yanayotokea nje. Mwezi wa Februari 2012 ulitoa funzo ambalo halikupaswa kusahaulika. Katikati ya mwezi, nyaya kadhaa zilikatika katika Bahari ya Shamu, EASSy ukiwa miongoni mwao, na data ikahamishiwa TEAMS. Siku chache baadaye, Februari 25, meli iliyokuwa ikingoja kuingia bandarini Mombasa ilitia nanga mahali palipokatazwa na kuukata TEAMS wenyewe. Bandari inayolisha mji ndiyo iliyokata ulimi wake. Mnamo Mei 12, 2024, nyaya za EASSy na SEACOM zilikatika kwa pamoja kusini, katika bahari ya Afrika Kusini, na Wakenya na Watanzania wakapitia siku kadhaa za intaneti ya kujikokota. Miezi michache kabla ya hapo, Bahari ya Shamu ilikuwa imekumbwa tena na mikasa ya nyaya kukatwa wakati wa mashambulizi dhidi ya meli, na Septemba 2025 ikakumbwa kwa mara nyingine karibu na Jeddah.

Ofisi kadhaa hujihami kwa kununua huduma kutoka kwa kampuni mbili. Ni hatua nzuri iwapo imeulizwa swali moja: kampuni hizi mbili zinanunua uwezo wao katika waya gani? Mbili zikitegemea waya mmoja, ni sawa na kufunga mashua mbili kwa kamba moja. Swali hilo hujibiwa kwa barua moja kwa muuzaji, na mteja ana haki ya kuuliza. Huduma ya Starlink, iliyoanza nchini Julai 2023 na ambayo satelaiti zake huzunguka kilomita 550 hivi tu juu ya ardhi, imewapa wengine njia ya tatu. Ila nayo si kisima kisichokauka. Mwishoni mwa mwaka 2024 kampuni hiyo ililazimika kusimamisha wateja wapya Nairobi na kaunti jirani kwa sababu uwezo wake katika eneo hilo ulikuwa umejaa.

Umeme ni sura nyingine. Simu ya shaba ilipata nguvu yake kutoka kituo cha simu, na mji ulipozimika iliendelea kulia. Usiku wa Agosti 25, 2023, nchi karibu nzima iliposalia gizani, ofisi zilizokuwa na simu za intaneti bila betri zilinyamaza sekunde ile ile. Ruta, swichibodi na simu za mezani hazili umeme mwingi, na betri ya wastani yaweza kuziendesha kwa saa kadhaa. Hata hivyo, ofisi nyingi huelekeza betri kwenye kompyuta na kusahau sanduku dogo lililo pembeni linalopepesa taa.

Kuna watakaouliza kwa nini ofisi isumbuke na haya yote wakati kila mfanyakazi ana simu ya mkononi. Swali hilo lina nguvu. Ada ambayo kampuni za simu hutozana kwa kuunganisha wateja wao, iliyokuwa Sh4.42 kwa dakika kabla ya Agosti 2010, ilishushwa hatua kwa hatua hadi Sh0.41 Machi 2024, na kupiga simu humu nchini hakuogopeshi tena. Kwa duka la viungo au wakala wa jahazi katika Bandari ya Kale mwenye wasaidizi wawili, simu ya mkononi yatosha kabisa, na anayemshawishi anunue swichibodi anamwibia.

Kwa kampuni ya watu 30 hali ni tofauti. Mteja anayepiga nambari ya mfanyakazi binafsi humfuata mfanyakazi huyo akihama. Mazungumzo ya biashara hayawezi kuhamishwa kutoka meza moja hadi nyingine. Na zaidi ya yote, kuna Ghuba. Wafanyabiashara wa Mombasa wana washirika, ndugu na wateja Dubai na Sharjah, na huko simu za WhatsApp huzuiwa. Zinazoruhusiwa ni programu zilizoidhinishwa, zikiwemo baadhi ya zile za mikutano ya kikazi. Waya wa TEAMS unaunganisha ufuo wa Mombasa na Fujairah moja kwa moja, bali sauti ya kawaida ya simu janja ya mfanyabiashara ikifika upande ule hukuta mlango umefungwa. Ofisi inayofanya biashara na Ghuba haina budi kuchagua njia inayokubalika pande zote mbili na kuihesabu katika mipango yake. Aidha izingatie kwamba mikutano yenye picha, ambayo imekuwa desturi tangu janga la korona la 2020, hula zaidi ya mara kumi ya simu ya sauti. Mikutano miwili ya picha inayoanza saa nne asubuhi yaweza kumeza njia yote iliyotengewa simu nane.

Mnada wa chai ni kielelezo cha namna mambo yanavyoweza kubadilika ghafla. Kwa miongo mingi wanunuzi walikusanyika katika Tea Trade Centre, Nyerere Avenue, na kunadi kwa sauti. Mwaka 2020 mnada ukahamia mtandaoni, na shughuli ambayo haikuhitaji hata laini moja ya intaneti ukumbini ikawa haiwezi kufanyika bila hiyo. Madalali waliokuwa wakinong'onezana kwenye viti sasa hupigiana simu, kwa wakati ule ule ambao kompyuta zao zinangoja bei.

Nao mawakala wa bandari wamekwisha kuonja gharama ya kuwa mbali na mazungumzo. Mwaka 2019 serikali iliagiza mizigo ya bara isafirishwe kwa reli mpya na kushughulikiwa Nairobi, na wakazi wa Mombasa wakaandamana wakilalamika kwamba kazi zao zinahamishwa. Agizo hilo lilibatilishwa Septemba 2022, Rais William Ruto alipoingia madarakani. Katika miaka hiyo mitatu kampuni zilizobaki na ofisi kisiwani na tawi karibu na bohari ya Embakasi zilitegemea mawasiliano ya kila dakika kati ya miji miwili, umbali wa kilomita 480. Kwa mwanga huo ni safari ya kufumba na kufumbua. Zilizokuwa zimepanga simu zao ziliweza kumhudumia mteja kana kwamba ofisi ni moja. Nyingine zilimpa mteja nambari ya Nairobi, na mteja akabaki huko.

Mamlaka ya Mawasiliano imekuwa ikipima ubora wa huduma za simu za mkononi na kuchapisha ilichokipata. Intaneti ya ofisi haijapata jicho kama hilo. Mteja hutangaziwa megabiti za kupakua, lakini haambiwi za kupakia ni ngapi, pakiti zinachelewa kiasi gani saa ya kazi, wala ngapi hupotea njiani. Takwimu hizo tatu zingewekwa katika kila mkataba, nusu ya malalamishi yangepata jibu kabla ya fundi kupanda ngazi.

Kwa sasa mzigo umebaki kwa mwenye ofisi. Kabla ya kuhuisha mkataba, anaweza kumwagiza karani aandike kwa wiki moja idadi ya simu zilizo hewani kila baada ya robo saa, kuanzia saa mbili hadi saa saba. Swichibodi nyingi za kisasa huweka kumbukumbu hiyo zenyewe. Karatasi hiyo, pamoja na kipimo cha njia ya kutokea kilichochukuliwa saa nne asubuhi wala si saa kumi na mbili jioni, ndiyo anayopaswa kuiweka mezani muuzaji anapokuja kumshauri anunue megabiti 20 nyingine.